SARATANI HAIISHI PEKE YAKE: MBEGU, UDONGO NA MWILI WA MWANADAMU

(Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya saratani, na nimepewa nusu saa tu ili mama zetu walioacha sufuria jikoni wasichelewe. Kwanza niseme wazi: mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasoma sayansi ya viumbe, na kabla ya hapo nilikaa kwenye mkeka wa madrasa kama nyinyi. Kwa hivyo sitamwandikia mtu dawa hapa. Nitaeleza tu jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi, kwa sababu naona mambo mengi tunayoyakosea majumbani yanatokana na kutoujua.

Tukianzia hapa kwetu Meru na Embu, ni nyumba chache ambazo hazijapata habari ya jamaa, jirani au mwalimu aliyeugua saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na waliofariki walikuwa zaidi ya 29,000. Yaani hesabu ya vifo ni karibu theluthi mbili ya hesabu ya wagonjwa wapya. Miongoni mwa zinazoua wengi ni saratani ya koo, yaani ya umio, lile bomba la kupitisha chakula kutoka mdomoni hadi tumboni. Ugonjwa huo una ukanda wake Afrika: unaanzia Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania, unashuka Malawi hadi Afrika Kusini. Sisi tumo ndani ya ukanda huo.

Sasa, kuna maswali matatu ambayo nayasikia kila mara. La kwanza: je, saratani inaambukiza, tukila sinia moja na mgonjwa? La pili: je, kufunga saumu kunaiua saratani kwa njaa? La tatu: mtu alikatwa uvimbe wote, mbona ugonjwa umetokea tena mahali pengine? Maswali haya yote matatu yana jibu linalotoka mahali pamoja. Ni namna seli ya saratani inavyoishi na mwili unaoizunguka.

MTOTO WA NYUMBANI ALIYEASI

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Kila seli ina kazi yake, ina majirani zake, na ina wakati wake wa kufa. Ndiyo, kufa. Seli ikizeeka au ikiharibika hupata amri ya kujimaliza, na nyingine huchukua nafasi yake. Ngozi yako ya leo si ile ya mwaka jana.

Saratani huanza pale maandishi ya ndani ya seli, yale tunayoyaita jeni, yanapoharibika kidogo kidogo hadi seli ikaacha kusikia amri. Ikiambiwa simama, haisimami. Ikiambiwa kufa, haifi. Inazaa nyingine kama yenyewe, na hizo zinazaa nyingine. Kwa hivyo si mdudu aliyeingia, si jini, wala si kitu cha jirani mwenye kijicho. Ni mtoto wa nyumbani aliyeasi.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: seli moja iliyoasi, ikiwa peke yake, haina nguvu yoyote. Seli huharibika mwilini kila siku na nyingi huondolewa bila sisi kujua. Ili iwe ugonjwa, lazima ipate wa kuilisha, wa kuijengea na wa kuifumbia macho. Na hao wote inawapata katika mwili wenyewe.

MBEGU NA UDONGO

Mwaka 1889 daktari mmoja wa London, Stephen Paget, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona ugonjwa ulikuwa umeenea sana kwenye ini, lakini mara chache sana kwenye wengu, ingawa damu hufika kote kuwili. Ingekuwa ni bahati nasibu tu, basi viungo hivyo vingepata karibu sawasawa. Akasema kwamba saratani ni kama mbegu. Mbegu huchukuliwa kila upande, lakini huota tu pale udongo unapoikubali.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa shamba, mfano huu hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Majani ya chai yanastawi kule juu Rukuriri na Mungania. Yachukue uyapande Kiritiri, uone. Na ndengu inayofurahia joto la Mbeere ukiipeleka kwenye baridi ya karibu na msitu wa Mlima Kenya, itakusikitisha. Mbegu ni ile ile, ila udongo si mmoja.

Hili ndilo jibu la swali la tatu. Kabla uvimbe haujakatwa, huenda seli chache zilikuwa zimekwisha toka, zikasafiri kwa damu au kwa njia za limfu. Nyingi hufa njiani. Chache hufika kwenye mfupa, ini au mapafu na kukaa kimya, pengine miaka, zikingoja udongo uwe tayari. Tena mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha, kwa panya, kwamba uvimbe unaweza kutuma ujumbe mbele kupitia damu na kuulainisha udongo wa mbali kabla mbegu haijafika. Ndiyo maana daktari akimaliza upasuaji husema mgonjwa bado anahitaji dawa na arudi kupimwa. Si kwamba anatafuta pesa. Anazitafuta mbegu zisizoonekana kwa macho.

MWILI UNAVYOTUMIKISHWA

Hebu tuangalie mambo manne ambayo saratani inayafanya na majirani zake.

Kwanza, barabara. Seli zinahitaji hewa na chakula, na hivyo huja kwa damu. Daktari wa upasuaji wa watoto huko Boston, Judah Folkman, alieleza mwaka 1971 kwamba uvimbe usio na mishipa yake ya damu hauwezi kuzidi milimita moja au mbili, kama kichwa cha pini. Kwa hivyo saratani hutoa ujumbe wa kuita mishipa mipya, na mishipa iliyo karibu hutikia, ikaota matawi kuelekea kwake. Wengi walimtilia shaka Folkman, lakini mwaka 2004 dawa ya kwanza ya kuzuia mishipa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana.

Pili, mafundi. Ukijikata na panga, kuna seli za ujenzi zinazokimbilia kidonda, zinaweka nyuzi ngumu, na kazi ikiisha zinaondoka. Saratani inawaita mafundi hao hao kana kwamba kuna kidonda, halafu haiwaruhusu kuondoka. Mtafiti Harold Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Uvimbe wa titi unaoguswa ukawa mgumu kama jiwe, sehemu kubwa ya ugumu ule si seli za saratani hata kidogo. Ni kazi ya mafundi wa mwili wenyewe. Na dada zangu, shikeni hili: uvimbe huo mara nyingi hauumi mwanzoni. Mtu asingoje maumivu.

Tatu, askari. Mwili una seli za kinga zinazozunguka usiku na mchana zikikagua. Ili askari hao wasishambulie mwili wenyewe, wamewekewa breki. Saratani imejifunza kukanyaga breki hiyo. Askari anafika, anaona, halafu anasimama tu. Wengine hata hugeuzwa wakawa walinzi wa uvimbe. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuiachilia breki hiyo. Dawa zilizotokana na kazi yao zimewaponya baadhi ya watu waliokuwa wamekatiwa tamaa, ingawa si kila saratani inazisikia na bei yake ni nzito mno kwa watu wetu.

Nguvu ya askari hawa tumeiona Afrika Mashariki kwa macho yetu. Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980, saratani ya ngozi iitwayo Kaposi iliongezeka sana, kwa sababu kinga ilikuwa imeanguka. Wagonjwa walipopata dawa za ARV na kinga ikarudi, wengi wao waliona madoa yale yakinywea. Na mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye navyo.

Nne, ghala. Saratani na moto wa ndani inaouwasha hutuma ujumbe unaoamrisha misuli na mafuta yayeyuke. Ndiyo maana mgonjwa hukonda hata akila. Hili tutalirudia tukifika kwenye saumu.

MFANO WA UGANDA

Kuna kisa kimoja cha hapa kwetu ambacho dunia nzima inakisoma. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Aliandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka Afrika Mashariki na ya kati kama maili 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakaona ugonjwa ule uko nchi za joto na mvua, lakini kwenye nyanda za juu zenye baridi hauko. Ramani yao ikawa inafanana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, kutoka kwenye vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kwa ndege kutoka Kampala, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua virusi ndani ya seli zile. Lakini virusi hivyo karibu kila mtu duniani anavyo, na hawaugui. Mbona watoto wa Uganda? Kwa sababu malaria ya mara kwa mara huichosha kinga ya mtoto na huzisukuma baadhi ya seli za kinga kugawanyika bila kupumzika. Virusi peke yake havikutosha. Ilihitajika udongo ulioandaliwa na malaria. Kwa hivyo mzazi anayemlaza mtoto wake ndani ya chandarua hazuii homa tu.

UMIO NA KIKOMBE CHA CHAI

Turudi Meru na Embu. Udongo wa koo letu tunauandaa vipi?

Ngozi ya ndani ya umio ni laini. Ukiiunguza inajitengeneza, mafundi wanakuja. Ukiiunguza tena kesho, na kesho kutwa, kwa miaka 30, unakuwa umeweka eneo la ujenzi lisilofungwa. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti nililolitaja lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi digrii 65, yaelekea vinasababisha saratani ya umio. Si chai yenyewe wala si kahawa. Ni moto wake. Na waliopima kule Kilimanjaro, jirani zetu wa Tanzania, walikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa kwenye digrii kama 70.

Sasa fikirieni futari zetu. Adhana inalia, koo limekauka kutwa nzima, na kitu cha kwanza ni uji unaotoa moshi au chai kutoka kwenye thermos. Simwambii mtu aache uji. Nasema tuanze na tende na maji, tuswali Maghrib, na uji utakuwa umepoa wenyewe. Dakika chache tu, na haigharimu hata shilingi.

Vijana wenzangu, kuna na vikao. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere vinasomesha watoto wengi katika kaunti hizi, na sikuja kumkosanisha mtu na mzazi wake. Lakini mnajua kikao huja na nini. Huja na sigara moja baada ya nyingine, na chai ya moto pembeni. Sigara na pombe ni visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya umio, na vikikutana hatari huzidi. Pombe hatuna haja ya kuijadili humu ndani. Sigara ndiyo tunayoionea haya.

SINIA NA SAUMU

Nimefika kwenye maswali mawili yaliyobaki, na haya ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Kuna nyumba ambazo mgonjwa wa saratani amewekewa kikombe chake, sahani yake na mkeka wake. Watoto wanaambiwa wasimsogelee nyanya. Wakati wa futari sinia linazungukwa na watu sita, naye yuko chumbani peke yake. Ndugu zangu, seli ya saratani ya mtu mwingine ikifika mwilini mwako, askari wako wataitambua kuwa ni mgeni na kuiua. Imezaliwa katika mwili wake na udongo wake ni mwili wake. Kula naye, kumshika mkono, kumwogesha, kumlalia karibu, hakuambukizi. Vipo virusi vinavyoweza kuchangia saratani, kama vile vya mlango wa kizazi vinavyopita kwa kujamiiana na vya homa ya ini aina ya B, na kwa hivyo viwili chanjo ipo. Lakini saratani yenyewe haipiti kwenye sinia. Sote tulifundishwa madrasani kwamba waumini ni mfano wa mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumwa vingine havilali. Basi tusimfungie chumbani.

Swali la saumu. Kila Ramadhan tunatumiwa ujumbe kwenye simu kwamba Mjapani alipata Nobel kwa kuthibitisha kuwa kufunga kunaua saratani. Mjapani huyo ni Yoshinori Ohsumi, tuzo yake ni ya mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa juu ya hamira, hii hii ya mandazi. Aligundua jinsi seli inavyojisafisha na kula sehemu zake zilizochakaa inapokosa chakula. Ni elimu kubwa. Lakini hakuthibitisha kwamba saumu inatibu saratani. Isitoshe, seli za saratani zenyewe hutumia njia hiyo hiyo kustahimili njaa.

Na kumbukeni lile ghala. Mgonjwa asipokula, uvimbe haufi njaa, kwa sababu unakula misuli yake. Anayeumia kwanza ni mgonjwa. Akikonda sana, anaweza kushindwa kuhimili kemotherapi, na dawa ikasimamishwa. Saumu yetu ni ibada. Haihitaji kusingiziwa kuwa ni tiba ya saratani ili iwe na thamani. Na dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Kwa hivyo mtu mwenye saratani asifunge, wala asiache vidonge mpaka Idi, kabla hajaongea na daktari wake. Habari ya fidia na kulipa, masheikh wapo hapa, waulizwe wao.

TUFANYE NINI

Nitayataja machache, kisha nikae.

Mtu akiona nyama au ugali unakwama kooni, halafu baadaye hata mkate unakwama, na kilo zinapungua, asiseme ni koo kavu la Ramadhan. Ikiendelea wiki mbili, aende hospitali na aombe kuangaliwa umio kwa kamera ndogo inayopitishwa mdomoni. Wengi wetu hufika wakati hata uji haupiti. Hata hapo bado kuna la kufanya: madaktari huweza kuweka bomba la kufungua njia ya chakula, kazi ambayo hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana nayo kwa miaka mingi. Lakini kufungua njia si sawa na kuponya. Kuponya kunataka kuwahi.

Wasichana kuanzia miaka 10 wapelekwe chanjo ya HPV. Kenya ilianza kuitoa Oktoba 2019, na hutolewa bila malipo. Akina mama waombe kupimwa mlango wa kizazi.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Meru au Embu aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kwenda Kenyatta, Nairobi, na kungoja. Baadaye vituo vingine vilifunguliwa Nakuru, Mombasa na Garissa. Hata hivyo safari bado ni safari, na nauli ni nauli. Kama jumuiya ya vijana tunaweza kuwa na kijitabu tu cha zamu: nani atamsindikiza nani, nani atakaa na watoto, nani atachangia nauli. Na maradhi yakizidi, tusidhani kazi imeisha. Meru Hospice ipo kwa ajili ya kupunguza maumivu, na kupunguza maumivu ni haki ya mgonjwa.

Nimeeleza kwamba saratani hupata nguvu kwa kuwatumikisha majirani zake. Mgonjwa naye ana majirani, nao ni sisi tuliokaa hapa. Leo jioni, kabla hujanyoosha mkono kwenye sinia, angalia nani hayupo.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.